Kutembea, kukimbia, baiskeli au ski: uchague zoezi gani la nje miezi ya baridi na giza

Mtu anayetaka kuendelea na mazoezi ya nje msimu wa baridi huanza kwa kutazama kipimajoto, na hapo ndipo hesabu inapoharibika. Nyuzi 12 chini ya sifuri, hewa imetulia na theluji kavu imeshindiliwa njiani: hiyo ni siku njema kuliko nyuzi 1 juu ya sifuri huku manyunyu yakidondoka juu ya barafu ya jana. Siku ya kwanza inataka glavu nzuri. Ya pili inavunja nyonga na vifundo vya mikono. Ndiyo maana hapa kila zoezi linapimwa kwanza kwa mambo matatu: njia ikoje chini ya miguu, mwanga uko kiasi gani, na utakuwa umelowa jasho kiasi gani utakaposimama. Nyuzi za baridi zinafuata baada ya hayo.

Barafu ya karibu na sifuri ni mbaya kwa sababu ya utando mwembamba wa maji unaokaa juu yake. Baridi ikizidi, utando huo hupungua na kiatu hushika. Joto likishuka hadi nyuzi 10 hivi chini ya sifuri, theluji huanza kulia chini ya soli. Ukisikia mlio huo mkavu, ujue njia inashika. Chumvi inayomwagwa barabarani nayo hufanya kazi vizuri mpaka karibu nyuzi 9 chini ya sifuri. Zaidi ya hapo huyeyusha polepole mno, na unabaki kutegemea changarawe na meno ya chuma yanayovishwa chini ya kiatu.

Kuhusu kiasi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali. Mazoezi yote tunayoyalinganisha hapa yanaweza kukufikisha huko. Tofauti iko kwenye lipi utaweza kulifanya Jumanne jioni giza likiwa limeshaingia.

| Zoezi | Njia inayolifaa | Gizani | Jasho ukisimama | Nguvu (mara ya mtu aliyekaa) | Kinachoharibika kwanza |
|---|---|---|---|---|---|
| Kutembea kasi | Karibu yoyote, ukiwa na meno ya chuma | Rahisi | Kidogo | Kama 4 | Kuteleza |
| Kukimbia (8 km/saa) | Theluji iliyoshindiliwa, lami kavu | Wastani | Jingi sana | Kama 8 | Kupoa ghafla |
| Baiskeli (16–19 km/saa) | Njia iliyosafishwa | Taa ni lazima | Wastani | Kama 7 | Vidole, kisha mashine |
| Ski za tambarare, vibao virefu vyembamba vya kutelezea theluji (7 km/saa) | Njia ya ski iliyoandaliwa | Njia yenye taa | Jingi | Kama 9 | Theluji kukosekana |
| Viatu vya theluji (fremu pana zinazofungwa chini ya kiatu ili usizame) | Theluji laini yenye kina | Wastani | Wastani | Kama 5 | Kupotea, maporomoko ya theluji |

Kwa mwenye haraka: anayeanza, mwenye umri mkubwa au mwenye tatizo la moyo aanze na kutembea kwa fimbo. Aliyekuwa akikimbia kabla ya baridi kuingia na ana nusu saa tu kwa siku aendelee kukimbia, kwa mizunguko mifupi. Anayefanya kazi umbali wa kilomita 8 au chini ya hapo ageuze safari yake kuwa zoezi kwa baiskeli. Na kama kuna njia ya ski unayoifikia kwa miguu na theluji inakaa wiki nyingi, acha mengine yote ukachukue ski.

Kutembea

Watu hulidharau zoezi hili, lakini ndilo linalovumilia hali mbaya kuliko yote. Unaweza kupunguza mwendo papo hapo ukifika penye barafu, kitu ambacho mwendesha baiskeli hawezi. Upungufu wake ni kwamba mwili hautoi joto jingi, hivyo mtembeaji anahitaji nguo moja zaidi ya mkimbiaji, na vidole vyake vya miguu hupoa mapema.

Fimbo mbili hubadilisha mambo. Mabega na mgongo vinaingia kazini, nguvu inayotumika huongezeka kwa takriban sehemu moja ya tano, na unakuwa na nukta nne za kushika badala ya mbili. Urefu wa fimbo ni kimo chako mara 0.68: mtu wa sentimita 170 anachukua ya sentimita 115. Fimbo huja na kofia ya mpira kwenye ncha. Kofia hiyo ni ya lami kavu tu. Kwenye barafu ivue, ncha ya chuma ichome. Kosa la kawaida ni kuchomeka fimbo mbele ya mwili kana kwamba unatafuta njia. Fimbo ichomeke karibu na usawa wa kisigino cha mguu wa mbele, ikiwa imeinamia nyuma, kisha uisukume mpaka mkono upite nyonga.

Vya kuvisha juu ya kiatu viko vya aina mbili kuu, na havilingani hata kidogo. Vile vya waya uliosokotwa kama springi ni vyepesi na vinafaa njia ya mjini yenye theluji iliyokanyagwa, lakini kwenye barafu ya kioo iliyo ngumu waya huteleza. Vile vya minyororo yenye meno ya chuma ya urefu wa sentimita moja hivi hung'ata barafu hiyo vizuri na hupanda mlima, ila kwenye lami tupu vinachosha magoti na meno huisha. Vyote hukatika mahali pamoja: kwenye mpira, pale pete ya chuma inapopita. Kagua hapo kabla ya kutoka. Ufa mdogo ukiwa vidoleni leo, kesho kifaa kitabaki njiani. Na vivue kabla ya kuingia penye sakafu ya vigae au mawe laini, kwa sababu meno ya chuma juu ya vigae huteleza vibaya kuliko soli ya kawaida.

Ukiwa huna chochote cha kuvisha, fupisha hatua, tua na wayo mzima, uzito ukae juu ya mguu wa mbele, na mikono itoke mifukoni.

Kukimbia

Faida ya kukimbia ni muda. Dakika 25 zinatosha kupata zoezi kali, na mwili huwa jiko lake wenyewe. Vaa kana kwamba nje kuna joto la nyuzi 10 zaidi ya lililopo. Ukitoka mlangoni ukajisikia vizuri kabisa, umevaa kupita kiasi. Ubaridi kidogo dakika kumi za mwanzo ndio kipimo sahihi.

Hatari ya kukimbia huanza pale unapoacha kukimbia. Mtu aliyelowa jasho, mwenye nguo nyepesi, akiteguka kifundo cha mguu kilomita 5 kutoka nyumbani kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, ataanza kutetemeka ndani ya dakika chache, na kuchechemea hakutoi joto la kutosha. Kwa hiyo tunashauri mizunguko ya kilomita 1.5 hadi 2 kuzunguka mahali unapoishi badala ya kwenda mbali na kurudi. Kama ni lazima kwenda na kurudi, anza kwa kuukabili upepo ukiwa bado mkavu, urudi nao mgongoni. Wengi hufanya kinyume kwa sababu mwanzo unakuwa rahisi, kisha nusu ya pili upepo unapita moja kwa moja kwenye fulana iliyolowa. Simu iwekwe ndani, karibu na ngozi, maana betri iliyopoa huweza kuzima ikiwa bado inaonyesha chaji. Koti jembamba la kuzuia upepo likunjwe kiunoni hata kama hulihitaji.

Kwenye viatu, ulinganisho uko wazi zaidi. Viatu vya kukimbilia vyenye vijino vya kabidi ya tangsteni vilivyopachikwa kwenye soli vinashinda vya kuvisha, kwa sababu havisogei na havibadilishi jinsi wayo unavyotua. Kasoro yake ni pale njia inapokuwa nusu lami, nusu barafu: vinapiga kelele, na kwenye mawe laini vinateleza. Mkimbiaji wa njia mchanganyiko ana heri na vya kuvisha ambavyo atavivua. Hali yoyote iwayo, sahau saa ya kasi. Theluji laini huiba mwendo, na anayelazimisha kasi yake ya siku za joto huumiza paja la nyuma na kano ya kisigino.

Hofu kwamba mapafu yataganda haina msingi. Hewa hupashwa joto puani na kooni kabla ya kufika huko. Kinachosumbua ni ukavu wake. Hewa baridi haibebi unyevu mwingi, njia za hewa hukauka na kubana, na kikohozi huanza dakika chache baada ya kusimama. Kitambaa chepesi cha shingoni kilichovutwa juu ya mdomo hurudisha unyevu huo. Mwenye pumu atumie dawa yake ya kuvuta kabla ya kutoka kama daktari alivyomwelekeza, na apashe mwili kwa dakika 10 hadi 15 za mwendo mdogo. Hata mashindano ya kimataifa ya ski za tambarare yana mpaka: hayaanzishwi baridi ikipita nyuzi 20 chini ya sifuri. Kwa zoezi kali la kila siku, mpaka huo unatosha kuwa wako.

Baiskeli

Zoezi hili ndilo linalotaka maandalizi mengi kuliko yote, na ndilo linalolipa zaidi kwa mtu asiye na muda, kwa kuwa safari ya kazini ni lazima iwepo.

Kwanza upepo. Kwa kanuni inayotumika Kanada na Marekani tangu 2001, nyuzi 10 chini ya sifuri pamoja na upepo wa kilomita 20 kwa saa ngozi huzihisi kama nyuzi 18 chini ya sifuri. Mwendesha baiskeli hujitengenezea upepo wa namna hiyo hata siku iliyotulia. Paja linafanya kazi na lina joto, lakini vidole vimeshika usukani bila kusogea. Glavu nene peke yake hazitoshi, na zikizidi unene huwezi kushika breki. Suluhisho bora ni mifuko ya usukani: mifuko mikubwa inayofungwa juu ya vishikio, mkono ukaingia humo ukiwa na glavu nyembamba na bado breki na gia zinafikika. Miguuni, pedali bapa za plastiki zinashinda za chuma za kunasa kiatu, maana chuma hunyonya joto la wayo kupitia soli.

Pili matairi. Tairi lenye meno ya chuma linabadilisha kila kitu kwenye barafu ngumu. Ukiwa na uwezo wa kununua moja tu, livishe mbele. Gurudumu la nyuma likiteleza, mwili hulirudisha. La mbele likiteleza, utajikuta chini kabla hujajua limetokea nini. Meno mapya yanahitaji kilomita 40 hadi 50 za mwendo wa taratibu kwenye lami, bila breki kali, ili yakae vizuri kwenye mpira. Ukikwepa hatua hiyo yatakung'oka. Pumzi ikae karibu na kiwango cha chini kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Lakini usiyategemee meno kwenye theluji iliyosagwa na magari ikawa kama sukari: hapo hakuna kitu kigumu cha kung'ata, na kinachosaidia ni upana wa tairi, gia nyepesi na kutokata kona ghafla. Funga breki kabla ya kona, kamwe si ndani yake, na uanze na ya nyuma.

Tatu ni mashine yenyewe, na hapa ndipo wengi hushangaa. Ndani ya habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, kwenye friwili, kuna vijino vidogo vinavyosukumwa na springi dhaifu. Grisi nzito ikigandamana kwenye baridi kali, springi hushindwa kuvisukuma vijino, navyo havinasi. Unakanyaga pedali zinazunguka bure, gurudumu halivutwi. Fundi afungue habu hiyo kabla ya msimu, asafishe grisi ya zamani na kuweka nyepesi ya kuvumilia baridi. Ni kazi ya muda mfupi karakana, na ni dhiki ya saa nzima ukiwa njiani.

Waya za breki na gia nazo huganda, ila sababu yake mara nyingi iko nyumbani. Baiskeli ikiingizwa ndani kwa saa moja, theluji huyeyuka, maji hupenya kwenye mirija ya waya, kisha ukitoka yanaganda humo. Chagua moja: ikae baridini muda wote chini ya paa, au ikae ndani mpaka ikauke kabisa. Mnyororo uliopita kwenye barabara ya chumvi unaweza kuota kutu usiku mmoja tu. Ufute kwa kitambaa kila ukirudi, na angalau mara moja kwa wiki utie oili nzito ya hali ya mvua, tone moja kwa kila kiungo, kisha ufute iliyozidi.

Madigadi marefu ni ya lazima, la sivyo matope ya chumvi yataufunika mgongo wako na taa ya nyuma. Taa hiyo ifutwe kwa kidole kila unaposimama. Mwendeshaji haioni, hivyo hajui imeziba.

Ski za tambarare, na mengine mawili kwa ufupi

Hakuna zoezi la baridi linalotumia mwili mzima namna hii huku likiwa jepesi kwa magoti. Nchi za Nordiki, kama Norwei na Finlandi, hutunza njia za ski zenye taa karibu na makazi, na hapo giza halina maana tena. Tatizo lake ni moja lakini kubwa: bila theluji na bila njia iliyoandaliwa karibu, litabaki zoezi la wikendi. Kwa mtu anayehitaji kusafiri dakika 40 kufika njiani, kutembea kila siku kutamfaa kuliko ski mara moja kwa wiki.

Kwa mtindo wa kawaida wa kuteleza kwenye mifereji miwili, utachagua kati ya ski tatu kwa kinachozifanya zishike theluji chini ya wayo unaposukuma: za magamba, za kipande cha ngozi ya nyuzi, na za nta. Za nta huteleza vizuri kuliko zote kwenye baridi imara ya kati ya nyuzi 3 na 15 chini ya sifuri, lakini karibu na sifuri nta hukosa kushika, au theluji hugandamana chini ya ski na kuwa kama kiatu cha kisigino kirefu. Magamba hayajali hali ya hewa ila yanavuma na kupunguza mwendo. Ngozi iko katikati, na kwa anayeanza ndiyo tungemchagulia, mradi aisafishe na kuikausha, maana ngozi iliyolowa ikikutana na baridi huganda.

Kosa kubwa dukani ni kuchagua ski kwa kimo peke yake. Uzito ndio unaoamua. Simama juu ya ski zote mbili kwenye sakafu bapa: karatasi inapaswa kupita chini ya wayo bila kukwama. Hamishia uzito wote kwenye ski moja: karatasi inaswe. Isiponaswa, ski ni ngumu mno kwako na utarudi nyuma kila ukipanda mlima, ukidhani tatizo ni ufundi wako. Fimbo za mtindo huu ni kimo mara 0.84 hivi, mtu wa sentimita 170 anachukua za sentimita 143 au jirani yake. Na ukiwa unatembea kwa miguu, usikanyage mifereji ya ski: shimo moja la kisigino likiganda humwangusha anayekuja nyuma.

Viatu vya theluji havihitaji ufundi wowote. Ukubwa wake hutegemea uzito wako pamoja na mzigo. Vinafaa porini kwenye theluji ya kina, na kasoro yake ni kwamba vinakufikisha mahali ambako hungefika kwa viatu vya kawaida: miteremko yenye mwinamo wa nyuzi 30 hadi 45 ndiyo inayoporomoka zaidi. Penye milima, soma tahadhari ya maporomoko ya siku hiyo au ubaki bondeni, mbali na chini ya miteremko hiyo.

Kuteleza barafuni ziwani ni raha kubwa na ni hatari inayohitaji vipimo. Barafu safi, ya kung'aa, iwe na unene wa angalau sentimita 10. Ile nyeupe kama maziwa ina nguvu takriban nusu, hivyo idai unene mara mbili. Kaa mbali na madaraja, midomo ya mito na matete. Shingoni ning'iniza jozi ya misumari yenye vishikio. Ukitumbukia, dakika 1 ya kwanza ni ya kutuliza pumzi tu. Kisha una dakika kama 10 ambazo viungo bado vinakutii. Geukia ulikotoka, kwa kuwa barafu ya huko ilikubeba, piga miguu mpaka mwili ulale, jivute kwa misumari, halafu jiviringishe bila kusimama.

Asubuhi, mchana au jioni

Mwishoni mwa Desemba, Helsinki hupata chini ya saa 6 za mchana, London karibu saa 8, na Tromsø, kaskazini mwa Norwei, jua halichomozi kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Ukiweza kuchagua, chagua mchana, hata dakika 20 za mapumziko ya kazi. Ofisi yenye taa nyingi ina luksi (kipimo cha mwanga unaofika mahali) 300 hadi 500. Nje, hata mawingu yakiwa mazito, saa sita mchana kwa kawaida huzidi 1,000, na ndiyo maana mtu hurudi amechangamka. Asubuhi ndiyo ya pili kwa faida, ingawa barafu iliyoganda usiku haijamwagiwa kitu. Jioni njia huwa imeshughulikiwa, ila madereva wamechoka na wewe umechoka, na nia huvunjika kirahisi. Hapo kukubaliana na mwenzio saa maalumu husaidia kuliko kujikaza kisabuni peke yako.

Usitegemee matembezi haya kukupa vitamini D. Uingereza, kwa mfano, jua la Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi halina nguvu ya kuitengeneza, na huduma ya afya ya huko inashauri watu wazima wafikirie kumeza mikrogramu 10 kwa siku msimu huo. Wenye ngozi nyeusi wanashauriwa hivyo mwaka mzima.

Taa na riflekta

Hivi viwili havibadilishani kazi. Taa inakuonyesha njia. Riflekta inamwonyesha dereva kwamba upo. Kwa taa za chini za gari, mtu wa nguo nyeusi huonekana akiwa mita 20 hadi 50 tu, na mwenye riflekta huonekana zaidi ya mita 120. Gari la kilomita 50 kwa saa hula mita 14 kila sekunde, na kwenye barafu huweza kuhitaji mita 60 hadi 100 kusimama. Kizibao cha rangi kali ya manjano kisicho na mistari ya kuakisi hakisaidii usiku, kwa kuwa rangi hiyo hung'aa kwa nguvu ya mwanga wa jua. Mistari ya kuakisi iwekwe pia vifundoni mwa miguu: kinachopanda na kushuka kwa mwendo wa hatua, dereva hukitambua mara moja kuwa ni mtu.

Kwenye njia yenye taa za barabarani, lumeni 100 (kipimo cha mwanga unaotoka kwenye tochi) zinatosha. Kwenye njia ya msituni, mkimbiaji anahitaji 300 au zaidi. Tochi ya kichwani ina faida ya kumulika unakotazama, lakini theluji ikianguka, au pumzi yako ikipanda, mwanga hugonga chembe zilizo mbele ya macho na kukurudia kama ukuta mweupe. Siku hiyo ivae kifuani au kiunoni. Mwanga unaotoka chini pia huonyesha vivuli vya mabonde madogo ya barafu ambayo tochi ya kichwani huyafuta.

Betri za kawaida za alkali hufa haraka kwenye baridi. Za lithiamu zisizo za kuchaji huvumilia kuliko zote. Zile za kuchaji, usizichaji zikiwa chini ya nyuzi 0. Ziache zipate joto la chumba kwanza, la sivyo zinaharibika ndani moja kwa moja.

Nguo, na ngozi

Karibu na mwili, pamba itoke kabisa: hunywa jasho na kulishikilia. Poliesta hukauka haraka na inafaa kukimbia, ingawa hunuka mapema. Sufu nyembamba hubaki na joto hata ikiwa na unyevu, na kwa kutembea au safari zenye kusimamasimama ndiyo bora. Juu yake weka sweta jepesi linalopumua, kisha koti la kuzuia upepo lenye zipu unayoweza kuishusha kabla jasho halijaanza, si baada. Glavu zinazoweka vidole vinne pamoja zina joto kuliko za kila kidole peke yake. Soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana huzuia damu na kuleta baridi zaidi. Soksi moja nene ndani ya kiatu kilichozidi nusu saizi inashinda. Ukirudi, vua nguo ya ndani kwanza, kabla ya chai na kabla ya simu.

Ngozi iliyo wazi huwa hatarini ndani ya dakika 10 hadi 30 pale upepo na baridi vikihisiwa kama nyuzi 28 chini ya sifuri au zaidi. Kupaka mafuta mazito usoni hakuzuii kuganda. Hufanya ngozi ihisi joto bila kuwa nalo. Uchunguzi wa wanajeshi wa Marekani na Uingereza umeonyesha kwamba wenye asili ya Afrika hupata majeraha ya baridi kwa urahisi zaidi, hivyo vidole, masikio na ncha ya pua vinahitaji kufunikwa mapema. Vitabu vingi husema dalili ni weupe. Kwenye ngozi nyeusi tafuta rangi ya majivu, ugumu kidogo ukibonyeza, na maumivu yaliyokatika ghafla. Kidole kilichoacha kuuma bila kupata joto hakijapona. Ingia ndani, ukiweke kwenye maji ya nyuzi 37 hadi 39 kwa nusu saa hivi, maji ambayo mtu mwingine ameyapima, kwa kuwa ngozi iliyokufa ganzi huungua bila kujua. Usikisugue, wala usikiyeyushe kama bado kuna safari ya baridi mbele ambako kinaweza kuganda tena. Kikibaki na ganzi baada ya hapo, au malengelenge yakitokea, nenda hospitali siku hiyo hiyo.